Kabla hamjasaini mradi wa umeme, tuonyesheni mwezi wa nne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo ambalo linapita kimya kimya kila tunaposoma kwamba kisiwa fulani au kijiji fulani kinaletewa umeme wa mchanganyiko, yaani sola na upepo halafu jenereta ya dizeli inakaa pembeni kusaidia. Mimi ni fundi umeme, naishi Mafia, na kwa miaka sita sasa nahudumia mtambo wa namna hiyo kwenye kisiwa kidogo cha jirani, mali ya ushirika wa wavuvi. Jina la kisiwa naliacha na la kampuni iliyojenga naliacha pia, sitafuti ugomvi na mtu, nataka jambo lenyewe lieleweke maana linagusa hela za watu na afya za watu.

Mtambo wetu ni hivi. Paneli za sola kilowati 40, mitambo miwili ya upepo ya kilowati 10 kila mmoja, betri, inveta, na jenereta ya kilowati 60 ambayo ilikuwepo tangu zamani. Unaendesha mashine ya barafu, chumba cha baridi cha samaki, zahanati, msikiti, maduka na nyumba za watu. Kabla haujajengwa alikuja mtaalamu na leptop yake, akakaa siku mbili, akauliza uliza, akaondoka, baadae ikaja ripoti yenye grafu za rangi nzuri nzuri ikisema asilimia 80 ya umeme itatoka kwenye jua na upepo na dizeli itabaki ya dharura tu. Siku inasomwa ofisi ya kijiji watu walipiga makofi na mimi nilipiga.

Mradi ukawashwa mwezi wa sita. Kusi, ule upepo wetu wa katikati ya mwaka, inavuma, mapanga ya mitambo ya upepo yanazunguka usiku na mchana, jenereta inamaliza siku tatu haijaguswa, kila mtu ana furaha. Ikaja kaskazi mwisho wa mwaka, nayo haikutuangusha sana. Halafu ukaingia mwezi wa nne. Upepo ukafa, wingu la masika likatanda wiki nzima, paneli zinaleta kidogo, saa tatu usiku betri ziko chini, jenereta inabidi iwake mpaka asubuhi na kesho yake tena na keshokutwa tena, na dizeli iliyonunuliwa ilikuwa ile ya dharura iliyoandikwa kwenye ripoti. Mapipa yakaisha. Bahari imechafuka kwa mvua, mashua ya kwenda kuleta mengine haiwezi kuondoka, mimi nimelala huko huko kisiwani nikasikia mlango unagongwa saa nane usiku, nafungua namkuta nesi wa zahanati amesimama kwenye mvua amekumbatia kikasha cha chanjo, anauliza kama kwenye chumba cha barafu kuna kipande chochote kilichobaki. Kilikuwepo, nikakivunja kwa nyundo tukapanga pembeni ya zile chupa ndogo. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo na ndiyo iliyonifanya nijifunze mwenyewe hii kazi ya modeli, yaani kuuiga mtambo kwenye kompyuta na kupiga hesabu zake, kama alivyofanya yule mtaalamu.

Nataka niseme mapema kwamba sipingi kompyuta. Wako watu kwetu baada ya ule mwezi wa nne walisema kompyuta ni uongo mtupu, turudi kwenye jenereta yetu. Hapana. Modeli ni chombo kizuri sana na bila hicho hakuna mtu anaweza kukaa chini akapiga hesabu ya vitu vitatu vinavyobadilika kila saa. Shida ni kitu inacholishwa.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi kwa wasomaji ambao hawajaiona. Programu mojawapo inayotumika sana duniani kwa kazi hii inaitwa HOMER, ilianza miaka ya 1990 kwenye maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, ile iliyokuwa inaitwa NREL kule Colorado, na aliyeiongoza ni Peter Lilienthal ambaye mwaka 2009 akaihamishia kwenye kampuni aliyoianzisha. Unaiambia una paneli kiasi gani, upepo kiasi gani, betri, jenereta, bei za vitu, bei ya dizeli, na watu wanatumia umeme kiasi gani. Yenyewe inachukua mwaka mzima inaukata saa kwa saa, masaa 8,760, na kila saa inajiuliza maswali yale yale: jua limeleta ngapi, upepo umeleta ngapi, watu wanataka ngapi, kilichozidi kiende kwenye betri, kilichopungua kitoke kwenye betri, betri ikigoma jenereta iwake. Ikimaliza mwaka inahesabu gharama ya maisha yote ya mradi, kawaida miaka 25, pamoja na spea na dizeli na betri za kubadilisha. Halafu inarudia kazi hiyo hiyo kwa mchanganyiko mwingine, paneli ziwe 50, upepo usiwepo, betri ziongezwe, inapanga matokeo kuanzia rahisi mpaka ghali. Binadamu angefanya hivyo miezi, yenyewe inamaliza wakati unakunywa chai.

Sasa haya masaa 8,760 yanatoka wapi? Hapo ndipo penyewe. Kama una data ya upepo uliyoipima kila saa kwa mwaka unaiingiza. Kama huna, unaipa wastani wa miezi 12 na vinamba vichache vya kuonyesha upepo unayumba vipi na unakuwa mkali saa ngapi, yenyewe inatunga masaa. Inatunga, ndugu Mhariri. Na lodi, yaani umeme ambao watu wanautumia, ni hivyo hivyo, unaipa siku moja ya mfano, saa kumi na mbili asubuhi kiasi hiki, saa mbili usiku kiasi hiki, inazalisha mwaka mzima kwa kuichezesha chezesha kidogo juu na chini kwa bahati nasibu, ukifungua programu utakuta imeshajiwekea asilimia 10 ya kutofautiana siku na siku na asilimia 20 ya saa na saa. Grafu inayotoka inafanana kabisa na kitu kilichopimwa. Mtu akiiona kwenye ripoti hawezi kujua.

Niliomba faili la modeli yetu nikaambiwa ni mali ya kampuni. Sawa. Nikaitafuta ile ripoti kabatini, nikafika ukurasa wa mwisho kabisa ambao hakuna aliyeufungua siku ya makofi, pale ndo nikakuta upepo: mita 6 kwa sekunde, mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, namba ile ile moja, imetoka kwenye data ya setilaiti.

Mtu yeyote aliyekulia pwani angeikataa ile namba kabla hajamaliza kuisoma. Sisi hatuna upepo mmoja. Tuna kusi, ambayo katikati ya mwaka inavuma mpaka vyombo vinafungwa. Tuna kaskazi, inayoingia mwishoni mwa mwaka mpaka kama mwezi wa tatu. Na katikati yake kuna maleleji, tanga mbili, wakati upepo haujui unakwenda wapi na nahodha anakaa anasubiri. Tanga mbili ya kwanza inaangukia ndani ya masika, yaani upepo unapolala jua nalo linazibwa na mawingu. Vyote viwili vinaondoka pamoja. Bara labda usiku ukikosa jua upepo unakufidia, huku kwetu mwezi wa nne hakuna wa kumfidia mwenzake isipokuwa dizeli na betri.

Na upepo una hesabu yake ambayo wastani unaificha vibaya sana. Nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi, inapanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Upepo wa mita 8 ukiuzidisha hivyo unapata 512. Upepo wa mita 3 unapata 27. Tofauti ni karibu mara 19, wakati kwa macho mtu anaona hata mara tatu haifiki. Na mitambo midogo mingi kwenye mita 3 ndo kwanza inajikokota kuanza, haileti kitu. Kwa hiyo jumla ya mwaka inaweza kutoka sawa kabisa kwenye ripoti, miezi ya kusi ikabeba mwaka mzima, na bado mwezi wa nne mko gizani. Mwaka ni mwaka, lakini friji ya chanjo inataka umeme usiku huu.

Kuna na minazi. Setilaiti inasoma eneo kubwa ambalo sehemu kubwa ni bahari tupu, mitambo yetu imesimama kwenye milingoti ya mita 18 nyuma ya shamba la minazi yenye mita 20 na zaidi. Kusi ikivuma inapiga kwanza minazi. Modeli ina sehemu ya kurekebisha urefu, kwenye uwanda wazi ukitoka mita 10 kwenda 30 kasi inaongezeka kama asilimia 17 na nguvu inapanda kama asilimia 60, kwa hiyo urefu wa mlingoti sio jambo dogo, lakini hiyo hesabu inadhani uwanda uko wazi. Haijui minazi, mpaka mtu aje aione na aiingize.

Jua nalo nililiangalia ila huko makosa yalikuwa madogo. Paneli ikipata moto inapungua kama asilimia 0.4 kwa kila digrii juu ya 25, kwenye bati la mchana wa mwezi wa kwanza inafika digrii 60 kirahisi, hapo umeshapoteza asilimia 14, na chumvi ya bahari ikikaa wiki bila kufutwa inapoteza zaidi. Tunazifuta sasa kila Ijumaa asubuhi.

Kitu kilichonifungua macho zaidi ni lodi. Ule mtambo wa zamani wa jenereta ulikuwa na mwendeshaji, mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi kila saa anaandika kwenye daftari: saa, ampea za fezi tatu (yaani umeme unaotoka), joto la injini, dizeli iliyobaki kwenye tangi. Madaftari ya mistari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, kurasa zimelowa dizeli mpaka zinaonyesha upande wa pili. Mtaalamu wa leptop hakuyaomba. Nikakaa nayo miezi mitatu usiku baada ya kazi, nachapa saa moja moja kwenye kompyuta, mke wangu ananisomea namba mimi naingiza, tukamaliza miaka miwili. Nikachora.

Ikatoka kitu sikukielewa. Lodi ilikuwa inapanda siku kumi na kitu halafu inashuka, inapanda tena, kama mawimbi, lakini haifuatani na miezi ya kalenda. Januari inapanda tarehe 8, Februari tarehe 6, mwezi wa tatu tarehe nyingine. Nilidhani nimekosea kuchapa. Nikaipeleka ile karatasi kwa mzee mmoja nahodha aliyeshastaafu bahari, anakaa barazani anashona nyavu.

Nikamwambia, shikamoo babu. Akasema marahaba mjukuu wangu, hiyo ni nini? Nikamweleza, huu ni umeme wa kisiwa kizima, nashindwa kujua kwanini unafanya hivi. Akaivuta karibu na macho, akapitisha kidole kwenye kilele cha kwanza, cha pili, cha tatu, wala hakufikiri. Akasema, hili giza hili. Hili giza. Hapa mbalamwezi, watu wamelala.

Basi. Wavuvi wetu wa dagaa na vibua wanavua kwa taa, na taa inavuta samaki kama hakuna mwezi. Giza likiingia vyombo vyote viko baharini, barafu inatakiwa tani kwa tani, mashine inakwenda usiku kucha. Mbalamwezi ikiwaka nyavu zinaanikwa na mashine ya barafu inapumzika. Lodi ya kisiwa chetu inafuata mwezi wa angani, wa siku 29 na nusu, wakati modeli ya ripoti ilikuwa na siku moja ya mfano iliyochezeshwa kwa bahati nasibu. Ile nasibu inaweka siku moja juu na kesho yake chini, inapatana vizuri na betri, betri ya siku moja inaweza kuimudu. Giza linaweka siku kumi mfululizo juu. Hakuna betri ya bei tunayoiweza inayobeba siku kumi.

Naomba wasomaji wakae hapo kidogo maana ndo kiini cha barua yangu. Hii taarifa haikuwa siri. Kila mtoto wa kisiwani anajua giza na mbalamwezi. Haikuwa ngumu wala haikuwa ya gharama, ilikuwa kwenye daftari na kwenye kichwa cha mzee aliyekaa baraza ya nyumba ya tatu kutoka ofisi ya kijiji. Mtu alikuja na chombo chenye uwezo wa kuhesabu masaa 8,760 na hakuuliza.

Nikajenga modeli upya. Upepo nikatumia tulichopima wenyewe, tulisimamisha mlingoti na kipima upepo kidogo ukakaa mwaka mzima. Lodi nikaingiza ya madaftari, saa kwa saa, na giza lake. Jibu la kwanza lilikuwa lile tuliloliishi: dizeli nyingi, mwezi wa nne mbaya. Kwa hiyo modeli ilikuwa haijawahi kutudanganya, ilijibu swali tofauti.

Halafu nikaanza kuchezea jenereta. Jenereta ina tabia moja watu wengi hawaijui, inakula hata ikiwa haifanyi kazi. Kwa kanuni ya karibu inayotumika kwenye hizi modeli, jenereta ya kilowati 60 kuzunguka tu bila mzigo inakunywa kama lita 5 kwa saa, na kila yuniti unayoivuta inaongeza kama robo lita. Sasa piga hesabu. Ukiipa mzigo wa kilowati 48 inakula lita 17, sawa na lita 0.35 kwa yuniti. Usiku wa manane mzigo ukiwa kilowati 12 inakula lita 8, sawa na lita 0.67 kwa yuniti, karibu mara mbili. Sola na upepo vikiwa vinachangia kidogo kidogo wakati jenereta inawaka ndo vinazidi kuipunguzia mzigo, unaokoa yuniti lakini huokoi dizeli kwa kiasi hicho hicho. Na injini inaumia. Watengenezaji wanasema usishuke chini ya kama asilimia 30 ya uwezo wake, ukishuka muda mrefu dizeli haiungui yote, masizi yanajaa. Sisi tuliliona, ekzosi ilikuwa inadondosha majimaji meusi kama lami kwenye sakafu, nikafungua nozeli nikakuta zimefunga ukoko. Kumbe ule mpango tuliowekewa ulikuwa jenereta ifuate lodi, yaani itoe kinachohitajika tu. Kuna mpango mwingine kwenye modeli, jenereta ikiwaka iwake kwa nguvu yake, inachozidisha kiende betri, halafu izimwe kabisa. Nikajaribu yote mawili kwenye kompyuta, kwetu wa pili ukashinda kwa mbali, tukabadilisha seti kwenye kontrola na haikutugharimu hata shilingi.

La mwisho lilikuwa barafu yenyewe. Mashine yetu inatumia kama yuniti 70 kwa tani moja. Nikakaa nikawaza, barafu ni umeme uliogandishwa, ukiitengeneza mbalamwezi wakati jua lipo na hakuna anayeitaka ukaifungia kwenye chumba kilichozibwa vizuri, giza likiingia unayo. Kwenye HOMER hiyo lodi ina mahali pake, lodi inayoweza kungoja, unaiambia ghala lina ukubwa gani na yenyewe inatafuta saa nafuu ya kulijaza. Tukaongeza povu kwenye kuta za chumba, tukabadilisha mlango. Miezi ya kusi sasa jenereta inawaka jioni chache tu kwa wiki. Mwezi wa nne bado inawaka, na itaendelea kuwaka, lakini mapipa yake yananunuliwa mwezi wa pili bahari ikiwa tulivu kwa sababu tunajua idadi yake.

Wasomaji wasidhani haya ni ya visiwa maskini tu. Kule Hispania kuna kisiwa cha El Hierro, kwenye visiwa vya Canary, mwaka 2014 walizindua mtambo mkubwa wa upepo wa megawati 11.5 pamoja na mabwawa mawili, maji yanapandishwa mlimani upepo ukizidi na kuteremshwa ukipungua. Ulitangazwa duniani kote kwamba kisiwa kitaachana na dizeli. Mwaka 2019 kilikwenda siku 24 mfululizo bila kuwasha dizeli, jambo la kujivunia kweli, ila zilikuwa siku za kiangazi wakati pepo zao za msimu zinavuma. Ukichukua mwaka mzima upepo na maji vimekuwa vinaleta karibu nusu ya umeme. Wana hela, wana wahandisi, na bado msimu uko pale pale.

Na kuna kitu modeli ya saa haikioni kabisa hata ukiilisha vizuri. Upepo unayumba kwa sekunde. Saa nzima inaweza kuonyesha wastani mzuri huku ndani yake umeme umeanguka mara tano. Wenzetu wa Kenya mji wa Marsabit walikuwa na jenereta za dizeli na mitambo miwili ya upepo ya kilowati 275, wakaongezewa kifaa cha kilowati 500 chenye gurudumu zito linalozunguka kwa kasi, kazi yake ni kumeza na kutoa umeme ndani ya sekunde upepo ukistuka. Kwa hiyo mtu akija na modeli ya saa peke yake, ulizeni na ya sekunde iko wapi, hasa upepo ukiwa mwingi kuliko jenereta.

Upande wa makadirio ya matumizi pia sio kosa la mtaalamu peke yake, na sisi wananchi tuna sehemu yetu. Tukiulizwa utanunua nini umeme ukija tunataja friji, tivii, pasi, vyote. Kuna utafiti ulichapishwa 2017 kwenye vijiji vinane vya Kenya vyenye umeme wa mitandao midogo, walilinganisha watu walichosema na mita zao, wateja walikuwa wanatumia kwa wastani wati-saa 113 kwa siku, ni kama taa chache na simu, na makosa ya makadirio yalikuwa makubwa mara kadhaa kuliko matumizi yenyewe. Mtambo unajengwa mkubwa, mkopo unakuwa mkubwa, bei ya yuniti inapanda, watu wanatumia kidogo zaidi. Ndo maana daftari la mwendeshaji au mita zilizosomwa kijiji jirani zina thamani kuliko dodoso la siku mbili.

Ninachoomba ni hiki na nawaomba REA, wakala wa nishati vijijini, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walisikie, na halmashauri zetu, na wafadhili wanaotoa hela. Kabla mkataba haujasainiwa, namba zote zilizoingizwa kwenye modeli zibandikwe ubao wa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, sio majibu peke yake, hapana, vilivyoingizwa: upepo wa kila mwezi na umepimwa wapi na kwa urefu gani, lodi ya saa kwa saa na imetoka kwa nani, bei ya dizeli ikiwa imeshafika kisiwani na sio ya kituo cha mjini. Zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na manahodha na wakulima na mama lishe waulize. Mwezi mbaya kuliko yote uwe na ukurasa wake, uoneshe saa ngapi jenereta itawaka na mapipa mangapi, na hela ya hayo mapipa iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Na faili la modeli libaki kijijini baada ya mradi kukabidhiwa, kama tunavyobakiwa na funguo za nyumba ya mashine, ili fundi atakayekuja baada yangu aweze kuliendeleza watu wakiongezeka au betri zikichoka.

Najua watasema kupima mwaka mzima kunachelewesha mradi. Kwa kijiji kisichokuwa na umeme kabisa mwaka ni mrefu, naelewa, wala sisemi watu wakae giza wakisubiri kipima upepo. Anzeni na sola na jenereta, simamisheni mlingoti siku hiyo hiyo, mtambo wa upepo uje mwaka wa pili mkishajua. Sisi tungefanya hivyo mitambo yetu miwili isingesimama nyuma ya minazi, ingekuwa ncha ya kusini ya kisiwa ambako hakuna mti hata mmoja, na ndiko ulikosimama mlingoti wetu wa kupimia mpaka leo.

Madaftari ya mzee wa jenereta tumeyahifadhi kwenye sanduku la bati ofisi ya ushirika pamoja na flashi yenye data yote ya upepo. Mwanafunzi wa chuo au mhandisi yeyote anayefanya modeli za pwani hii anakaribishwa kuvitumia bure, boti za kuvukia zipo kila siku maji yakijaa, ila aje kabla ya giza la mwezi ujao maana likishaingia sote tutakuwa kwenye barafu.

Fundi umeme,
Kilindoni, Mafia